Kufufua boti kuukuu ya alumini ukiwa nyumbani Dodoma: hatua kwa hatua

Kila nikifunua turubai kwenye boti iliyopo uwani kwangu, lazima mtu asimame getini aulize. Hili si bati tu? Linazibwa na nini? Naweza kumpa fundi wa mageti alichomelee? Kwa nini langu linavuja hata baada ya kupaka rangi mpya? Maswali ni yaleyale, na wanaouliza wamezidi. Siku hizi boti hizi zinapatikana kwenye minada ya miradi iliyofungwa, na watu wa hapa mjini wanazinunua kwa ajili ya mabwawa ya Mtera au Hombolo. Nimeona niyaandike majibu yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa boti ndogo ya futi 12 hadi 14, iliyoungwa kwa ribiti (vile vipini vifupi vya kubana mabati), inayobeba injini isiyozidi nguvu farasi 15. Ukiufuata, utatumia wikendi nne au tano. Jambo moja lishike tangu mwanzo, kwa sababu kila hatua inalirudia: alumini haiozi kwa uzee. Inaliwa na vitu vibaya vinavyowekwa karibu nayo, na mara nyingi vimewekwa na mtu aliyekuwa anaitengeneza.

Kabla hujatoa pesa

Nenda mnadani na sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Ikinasa kwenye mwili wa boti, hiyo si alumini. Ikinasa kwenye bolti na skrubu tu, andika pembeni: hizo zote zitatoka.

Kagua sehemu tatu. Ya kwanza ni mkuku, ule uti wa chini unaoburuzwa kwenye mawe. Ya pili ni taruma, zile mbavu za ndani, hasa pale zinapogusana na sakafu. Ya tatu ni tezi, yaani ukuta wa nyuma unaobeba injini. Ukiona unga mweupe, ukwangue kwa ukucha. Chini yake kukiwa na vishimo vya juujuu, boti inaponyeka. Tochi ikiwashwa ndani gizani na ukaona nyota nyingi kwa nje zimesambaa eneo pana, iache. Bati la boti hizi huwa na unene wa milimita 1.6 hadi 2 tu, hivyo likishaliwa kwa upana halina pa kushikia kiraka.

Andaa hivi kwanza

- Matairi manne ya zamani ya kuegeshea, na turubai
- Drili na biti zake, ukianza na ya milimita 3 na ya milimita 5
- Nyundo ndogo ya gramu 300 hadi 500, na nyundo kubwa ya kilo mbili au zaidi
- Bunduki ya ribiti na ribiti za alumini (maelezo yako hatua ya 5)
- Silanti (gundi ya kuziba maungio) ya poliyurethani, aina kama Sikaflex, si chini ya mirija mitatu
- Msasa namba 80 na 180, na brashi ya nailoni
- Epoksi ya maji mawili (gundi ngumu ya kuchanganya), kwa ajili ya mbao
- Praima ya alumini na rangi
- Bolti, nati na washa za chuma cha pua
- Barakoa, miwani na glavu

Baadhi ya vitu hivi hutavikuta kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma. Agiza Dar es Salaam mapema, boti ikiwa bado haijafunguliwa. Anayefungua kwanza ndipo aanze kutafuta vifaa huishia kuziba na chochote kilichopo dukani, na hapo ndipo matatizo yanapozaliwa.

Hatua ya 1: Iegeshe vizuri

Iweke juu ya matairi, kivulini. Usiilaze moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, hasa saruji mbichi au inayolowana. Saruji yenye unyevu inakula alumini. Tairi zikae chini ya mkuku na taruma, zisiwe chini ya bati tupu.

Hatua ya 2: Vua kila kitu

Toa viti, sakafu, vyuma vya makasia, ubao wa tezi, waya, kila kitu. Piga picha kabla ya kila kinachotoka. Bolti zikigoma, zikate, usizipige nyundo mpaka bati likapinda.

Chini ya viti utakuta sponji au povu jeupe. Lipime kwa mkono. Likiwa zito na linachuruza maji, litupe. Kuna boti inayoitwa nzito na mwenyewe anailaumu injini, kumbe viti vimebeba maji ya miaka kumi.

Hatua ya 3: Osha

Maji, sabuni ya unga na brashi ya nailoni vinatosha. Najua sufuria nyumbani tunazisugua kwa majivu na chuma cha kusugulia. Hapa usifanye hivyo. Maji ya majivu yana ukali unaokula alumini, kostiki soda ndiyo mbaya zaidi, na chuma cha kusugulia kinaacha vipande vidogo vya chuma vitakavyoanzisha kutu nyeupe chini ya rangi yako mpya. Brashi ya waya wa chuma nayo ni hivyohivyo.

Hatua ya 4: Ijaze maji ndani

Hapa ndipo unapojua ukweli. Huhitaji ziwa ili ujue boti inavuja wapi. Ukiweka maji ndani, yatatokea nje palepale ambapo ya ziwani yangeingia.

Tahadhari ya uzito: lita moja ni kilo moja. Ukijaza boti ya futi 14 hadi katikati, umeweka zaidi ya nusu tani juu ya bati jembamba ambalo halina maji ya kulishikilia kwa nje. Litapinda. Sisi wa Dodoma maji yenyewe tunayanunua kwa dumu, kwa hiyo fanya hivi: inua omo, yaani upande wa mbele, kwa tairi moja la ziada. Mimina madumu sita hadi nane ya lita 20, maji yakusanyike nyuma. Kagua nusu ya nyuma. Kisha shusha omo, inua tezi taratibu, maji yaleyale yahamie mbele. Umepima boti nzima kwa maji kidogo, na ukimaliza yamwagie miti.

Kabla ya kumimina, kausha nje kabisa na upake chaki kwenye mistari yote ya ribiti. Chaki ikilowa inabadilika rangi, hata tone dogo hulikosi. Subiri dakika 30. Zungushia alama kwa kalamu ya wino mzito kila panapovuja, na weka alama mbili panapochuruzika. Usitegemee kumbukumbu. Mara ya kwanza nilihesabu ribiti 11 kwa macho. Nilipopaka chaki nikapata 34.

Hatua ya 5: Ribiti

Ribiti nyingi zinazovuja hazijafa, zimelegea tu. Zina sauti yake: ukigonga kwa mpini wa bisibisi, iliyokaza inajibu kwa ukavu, iliyolegea inacheza kama sarafu ndani ya kopo.

Kukaza kunahitaji watu wawili. Mmoja awe nje, akandamize nyundo kubwa kwenye kichwa cha ribiti bila kuitikisa. Mwingine awe ndani, apige mkia wa ribiti kwa nyundo ndogo, mapigo mawili au matatu ya uhakika. Sauti itabadilika, na hapo uache. Ukiendelea kupiga, mkia unapasuka au bati linatanuka, na ribiti za jirani zinalegea. Aliye nje ndiye mwenye kazi kubwa, kwa sababu nyundo ikiachia hata kidogo pigo linasukuma ribiti nje. Kubalianeni neno la kuanzia. Mimi na kijana wangu tunasema "tayari", na bila jibu sipigi.

Ribiti iliyokatika au iliyoliwa itobolewe itoke, kisha weka mpya. Kosa la kila anayeanza liko hapa: anachukua ribiti za kawaida za dukani, zile za milango ya alumini. Ribiti hiyo ina tundu katikati, na maji yanapita humohumo. Nyingi pia zina kipande cha chuma kinachobaki ndani na kupata kutu. Tafuta ribiti zilizozibwa mwisho mmoja, za alumini, unene wa milimita 4.8, tundu la biti ya milimita 5. Chovya kila moja kwenye silanti kabla ya kuifyatua. Ukizikosa kabisa, tumia bolti ndogo za chuma cha pua zilizopakwa silanti shingoni na chini ya washa.

Maliza kwa kupitisha silanti ndani, kwenye maungio yote. Iwe poliyurethani. Silikoni inayonuka kama siki usiiguse, kwa sababu ile harufu ni asidi na inakula alumini ikiwa bado inakauka.

Hatua ya 6: Nyufa na mashimo

Ufa usiouzuia utaendelea kutembea. Toboa tundu la milimita 3 pale hasa unapoishia, kila ncha, ndipo uweke kiraka. Kiraka kiwe cha bati la alumini lenye unene kama wa boti, kivuke ufa kwa sentimita tano kila upande, pembe zake zizungushwe ziwe duara. Paka silanti upande mzima, kisha piga ribiti kila baada ya sentimita mbili na nusu. Mimi huweka kiraka kwa ndani, kwa sababu cha nje kinakwaruzwa na mawe.

Bati la paa usilitumie, hata kama linang'aa. Mabati ya paa tunayotumia wengi ni chuma kilichopakwa zinki, au mchanganyiko wa zinki na alumini. Toa ile sumaku yako uhakikishe.

Kuhusu fundi wa mageti: ni stadi wa kazi yake, ila mashine yake ya vijiti ni ya chuma. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, wakati ile ngozi ngumu iliyoifunika inahitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Asiye na mashine ya gesi ya agoni na mazoezi ya alumini atasubiri ngozi iyeyuke, na bati chini yake litadondoka lote. Kwa boti ya ribiti, kiraka cha ribiti ni salama zaidi.

Hatua ya 7: Ubao wa tezi

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo nilipoiharibu boti yangu ya kwanza.

Nilihitaji ubao imara usioliwa na mchwa. Muuzaji akanipa mbao za dawa, zile zenye ukijani tunazoezekea nyumba. Nikaufunga kwa skrubu za bati, nikapaka rangi, nikaridhika. Masika yote boti ilikaa nje. Nilipokuja kufungua, ubao ulikuwa mzima kabisa, lakini bati nyuma yake lilikuwa na manyoya meupe kama ukungu wa mkate. Nilipoyafuta, kidole gumba kikapita upande wa pili. Tundu kuzunguka kila skrubu, na katikati bati limekuwa kama chujio.

Dawa ya mbao hizo ina shaba. Shaba ikikutana na alumini mahali penye unyevu, alumini ndiyo inayotoa roho. Skrubu za chuma zilimalizia. Maji yenye chumvichumvi, kama ya Hombolo, yanaharakisha zaidi.

Fanya hivi. Chukua ubao wa mninga au mkongo, mkavu kweli, usio na dawa, unene wa inchi moja na nusu. Plaiwudi ya baharini halisi inafaa pia, ila zile mnazoita "marine" za kumwagia zege ni jambo jingine, tabaka zake huachana zikilowa mara nyingi. Kata kwa kufuata ubao wa zamani. Toboa matundu ya bolti makubwa kuliko bolti, yajaze epoksi, ikikauka toboa upya kwa saizi sahihi, ili maji yasifike kwenye moyo wa ubao. Paka epoksi mara tatu, na kwenye ncha zilizokatwa ongeza ya nne, maana huko ndiko ubao unakonywa maji.

Joto la hapa linaigandisha epoksi haraka. Changanya robo lita kwa wakati, uimwage kwenye sahani pana. Ikikaa ndani ya kopo refu inachemka na kutoa moshi.

Kabla ya kununua injini, pima kimo cha tezi kutoka juu hadi chini ya mkuku. Sentimita 38 ni ya injini ya mguu mfupi, sentimita 51 ni ya mguu mrefu.

Hatua ya 8: Rudisha uwezo wa kuelea

Boti ya mbao ikijaa maji inabaki juu. Ya alumini inazama moja kwa moja na injini yako. Yale mapovu chini ya viti ndiyo uhai wenu.

Hesabu yake ni nyepesi. Alumini ikiwa majini inapunguza uzito kama theluthi moja na kidogo, hivyo boti ya kilo 90 inabaki na kilo kama 57. Ongeza injini ya kilo 45 na vikorokoro vya kilo 20, unapata 122. Lita moja ya hewa iliyofungwa inanyanyua karibu kilo moja. Madumu manane ya lita 20, yaliyozibwa vifuniko kwa silanti, yanakupa kama kilo 150. Yafunge chini ya viti yasicheze, mengi yawe nyuma na pembeni. Povu jeupe la maboksi ya televisheni linafaa, lakini petroli inaliyeyusha, kwa hiyo liweke mbali na tangi.

Hatua ya 9: Msasa na rangi

Namba 80 kwanza, kisha 180. Vaa barakoa. Vumbi la alumini linashika moto, na likichanganyika na kutu ya chuma ni hatari zaidi, hivyo usisage chuma kwa grinda palepale.

Futa kwa kitambaa safi chenye tina, kisha paka praima siku hiyohiyo. Alumini iliyosuguliwa ikilala usiku mmoja inajifunika tena ile ngozi yake, na rangi haitashika. Praima iwe ya alumini, yaani ya kung'ata au ya epoksi. Red oksaidi ya mageti ni ya chuma, hapa itabanduka. Na mtu akikuletea rangi ya boti ya kuzuia majani na konokono, soma kopo: yenye shaba ni sumu kwa boti yako.

Upepo wa Julai na Agosti hapa hubeba vumbi jekundu. Anza saa moja asubuhi, mwagia ardhi maji kuzunguka boti, ikifika saa nne weka brashi chini. Bati lililopigwa na jua linakausha rangi kabla haijatandaa. Ndani paka kijivu hafifu. Nyeupe inaumiza macho, nyeusi inachoma miguu.

Hatua ya 10: Funga, pima, peleka majini

Kila bolti iwe ya chuma cha pua na ipakwe silanti. Shaba na chuma cheusi visiguse boti popote. Kama una betri, waya wa hasi usiufunge kwenye mwili wa boti. Rudia kipimo cha maji cha hatua ya 4.

Kabla ya kuishusha, muone ofisa uvuvi wa halmashauri kuhusu usajili na leseni, na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kuhusu ukaguzi wa usalama wa chombo. Jaketi okozi ziwe sawa na idadi ya watu.

Safari ya kwanza ifanye asubuhi, karibu na ufuko, kasia likiwemo hata kama injini ni mpya. Mtera kuna viboko na mamba. Wasalimie wavuvi uliowakuta na uwaulize wapi pa kushushia. Nilipomwambia mzee mmoja pale, "Shikamoo mzee, naomba nishushe hapa," aliitikia marahaba, akaninyooshea mkono: "Hapa hapana, mwanangu. Pale kwenye jiwe. Hapa ndipo wanapopandia jioni." Nilifikiri anasema wavuvi. Alikuwa anasema viboko.

Ukikwama

*Silanti haikauki.* Poliyurethani inakauka kwa unyevu wa hewa, na kiangazi chetu hakina unyevu. Nyunyizia maji hewani kuzunguka boti, funika kwa turubai, na uipe siku mara mbili ya zilizoandikwa kwenye mrija.

*Rangi inabanduka kama ganda la kitunguu.* Ulichelewa kupaka praima, au ulifuta kwa kitambaa chenye mafuta. Hakuna njia ya mkato, rudi kwenye msasa.

*Rangi inavimba malengelenge, ndani kuna unga mweupe.* Tafuta chuma au shaba iliyo karibu: skrubu iliyosahaulika, kipande cha waya, hata sarafu iliyodondoka chini ya sakafu. Kitoe, safisha, paka upya.

*Uwani haivuji, ziwani inavuja.* Taruma zinacheza boti ikipigwa na mawimbi. Rudisha maji ndani, mtu aitikise kwa kusukuma ubavu huku wewe ukitazama ribiti za mbele. Ukikuta kavu, angalia bolti za tezi, kisha kizibo cha kutolea maji. Raba ya kizibo ikipasuka utatafuta tundu wiki nzima.

*Inalala upande mmoja.* Madumu yamehama au moja limeingia maji. Litoe ulitikise usikie.

*Injini inatikisa tezi.* Ubao mpya hujikandamiza safari za mwanzo. Kaza bolti baada ya safari ya kwanza, kisha tena baada ya ya tatu.